Ametukana, au Amemtukana?

Wiki chache zilizopita, katika ukumbi mmoja wa masomo, mwanafunzi alikuwa anasoma mbele ya wenzake muhtasari wa kazi yake ya mwisho. Alikuwa amekesha siku mbili akiandika. Alipofika ukurasa wa nne kompyuta ikazimika: betri ilikuwa imechoka, jenereta haikuwa na mafuta, na kurasa alizoongeza usiku ule hazikuwa zimehifadhiwa popote. Mwenzetu aliitazama skrini nyeusi, kisha akasema neno moja kwa sauti ya chini: “Mavi!” Ukumbi ukanyamaza. Mhadhiri alifunga daftari lake, akasema kwamba mtu anayesomea lugha hawezi kuongea kama motari wa barabarani, na kwamba kikao kimekwisha. Kesho yake mwenzetu aliandika barua ya kuomba radhi. Kosa lililotajwa ni kutukana mbele ya wakubwa.

Katika mwezi huohuo mhadhiri mwingine alikuwa anaandika ubaoni. Chaki ikavunjika, na ukucha wake ukakwaruza ubao wa saruji. “Merde!” akasema, kisha akacheka, nasi tukacheka naye. Na kabla ya hapo mhadhiri wa tatu alikuwa ameturudishia karatasi za jaribio. Alama zilikuwa mbaya. Alituangalia mstari kwa mstari, akatuita, kwa Kifaransa kizuri, “bande d’imbéciles”, yaani kundi la wapumbavu. Hakuna aliyecheka. Msichana aliyekaa mbele yangu, ambaye alikuwa amepata alama nzuri kabisa, aliinamisha kichwa mpaka saa ya kutoka.

Sitaji majina, kwa sababu shida yenyewe haiko kwa watu hawa watatu. Nimeweka visa hivi pamoja ili tuvipime kama watu wa lugha. Neno la kwanza na la pili lina maana moja: kile ambacho kila mtu anakiacha chooni. Yote mawili hayakumlenga mtu. Neno la tatu lilimpiga kila aliyekuwa amekaa mle ndani. Hata hivyo neno pekee lililolipiwa ni lile la Kiswahili. Watu wenye akili wanatukana, na wana sababu zao. Lakini sisi, katika kitivo cha lugha, tumezoea kuadhibu tusi lisilomdhuru mtu na kulipigia makofi, au kulinyamazia, lile linalodhuru.

Hoja ya maneno machache

Wengi wetu tumelelewa na fundisho moja: anayetukana ni mtu aliyeishiwa na maneno. Msomi ana msamiati, kwa hiyo hahitaji tusi. Ni fundisho linalosaidia kulea watoto. Lakini likisemwa kama dai la isimu, linapaswa kupimwa kama dai lingine lolote, na limeshapimwa.

Mwaka 2015 watafiti wawili wa Marekani, Kristin Jay na Timothy Jay, walichapisha majaribio yao katika jarida la Language Sciences. Waliwapa washiriki dakika moja wataje maneno mengi kadiri wawezavyo yanayoanza na herufi fulani, ambayo ni njia ya kawaida ya kupima wepesi wa mtu katika lugha. Kisha wakawapa dakika nyingine wataje matusi. Kama fundisho letu lingekuwa kweli, bingwa wa matusi angekwama katika maneno ya kawaida. Ikawa kinyume: waliotaja maneno mengi ya kawaida ndio waliotaja pia matusi mengi.

Tusilibebeshe jaribio hilo mzigo lisioubeba. Halisemi kwamba kutukana kunaongeza akili. Halisemi wala kwamba anayejua matusi mengi ndiye anayeyatumia zaidi. Linasema jambo dogo na la wazi: matusi ni sehemu ya msamiati, na mwenye ghala kubwa la maneno ana kona hiyo pia.

Hata bila jaribio tungeweza kulijua hilo kwa kusikiliza. Kutumia tusi mahali pake kunataka ujuzi. Mgeni anaweza kujifunza ngeli zote za Kiswahili na bado asijue ni neno gani likisemwa kwa rafiki ni mzaha, likisemwa kwa babu ni utani unaoruhusiwa mjukuu, na likisemwa kwa mkwe ni aibu ya miaka kumi. Sarufi anaipata darasani. Mipaka ya tusi anaipata baada ya kuishi na watu muda mrefu, na huwa ni somo la mwisho analolifaulu.

Kwa nini basi wanatukana?

Tuanze na mtu ambaye hakuna anayeweza kumwita maskini wa maneno. Wanafunzi wa Kifaransa wanamjua Charles Baudelaire, mshairi aliyetoa Les Fleurs du mal mwaka 1857, na ambaye mwaka huohuo mahakama ilimtoza faini na kuamuru mashairi 6 yaondolewe kitabuni kwa sababu ya maadili. Mwaka 1866, akiwa Ubelgiji, alipata kiharusi. Akapoteza lugha. Mtu aliyekuwa amepima kila silabi ya Kifaransa hakuweza tena kuunda sentensi. Kilichobaki mdomoni mwake kilikuwa kiapo kimoja kilichokatwa, “Cré nom!”, yaani jina takatifu la Mungu likitajwa bure. Alikuwa anatunzwa katika nyumba ya watawa huko Brussels, na masista walishtushwa sana na neno hilo. Alifariki mwaka uliofuata.

Kisa cha Baudelaire si cha ajabu kwa madaktari. Tangu karne ya 19 wameandika juu ya wagonjwa waliopoteza usemi baada ya kuumia upande wa kushoto wa ubongo, lakini bado wakaweza kutukana vizuri. Maana yake ni kwamba tusi halihifadhiwi pamoja na maneno mengine tunayoyachagua na kuyapanga. Linakaa karibu na kilio, kicheko na hofu. Ndiyo sababu linatoka haraka kuliko fikra, na ndiyo sababu elimu hailifuti. Shahada inaongeza maneno katika lile ghala. Haiondoi kilio.

Sababu ya pili ni maumivu. Mwaka 2009 Richard Stephens na wenzake wa Chuo Kikuu cha Keele, Uingereza, waliwaomba wanafunzi watumbukize mkono katika maji ya baridi kali. Mara moja walirudia tusi, mara nyingine walirudia neno la kawaida ambalo mtu angetumia kuelezea meza. Waliporudia tusi, walivumilia muda mrefu zaidi, na wakasema maumivu yamepungua. Mwaka 2020 Stephens na mwenzake Olly Robertson walijaribu matusi ya kubuni, maneno yenye sauti kali na ya kuchekesha lakini yasiyo na historia. Hayakusaidia kitu kuhusu maumivu. Kwetu sisi wa lugha hili ni jambo kubwa, kwa sababu linaonyesha kwamba nguvu ya tusi haitoki katika sauti yake pekee. Inatoka kwa watu: miaka yote ambayo mama alikukataza kulisema.

Shangazi yangu amekuwa mkunga kwa zaidi ya miaka ishirini, hakusoma majarida hayo, lakini alipokuwa ananisikiliza nikiyaeleza alitikisa kichwa kama mtu anayesikia habari za jana. Katika chumba cha kuzalia, aliniambia, hakuna mke wa mchungaji wala mke wa mwalimu. Uchungu ukishika, wote wanatukana: wanamtukana mume asiyekuwepo, wanatukana kitanda, wanatukana siku waliyoolewa. Mtoto akishatoka, wanaomba maji na kusema asante mama. “Na wanatukana kwa lugha gani?” nikamuuliza. Akanitazama kama niliyeuliza swali la kitoto. “Kibembe,” akasema. “Hata yule anayeongea Kifaransa nyumbani kwake. Kifaransa hakifiki huko.”

Lugha gani inafika huko?

Jibu la shangazi linakutana na utafiti mwingine. Mwaka 2004 Jean-Marc Dewaele, mtaalamu wa lugha nyingi aliyekuwa anafundisha London, alichapisha majibu ya watu zaidi ya 1,000 wanaoongea lugha mbili au zaidi. Aliwauliza tusi lina uzito gani katika kila lugha wanayoijua. Uzito ulikuwa mkubwa zaidi katika lugha ya kwanza, ukapungua kwa kila lugha iliyofuata. Waliojifunza lugha darasani tu walihisi uzito mdogo kuliko waliojifunza kwa kuishi nayo.

Sasa tuangalie maisha yetu. Kijana wa Nundu anayefika chuoni ana ngazi ya lugha nne. Kibembe, au Kifuliiru, au Kinyarwanda cha milimani, au Kirundi, amekinyonya nyumbani. Kiswahili amekipata sokoni, shuleni na kanisani. Kilingala kimemfikia kwa muziki na kwa wanajeshi. Kifaransa kimekuja na ubao na fimbo. Matusi yake yanafuata ngazi hiyo. Tusi la mama kwa Kibembe halisemwi kwetu kirahisi, kwa sababu likisemwa wazee watakaa kikao, na aliyelisema hatatoka mikono mitupu. Kwa Kiswahili, neno lilelile linaleta ngumi. Kwa Kilingala, “zoba” kati ya marafiki limekaribia kuwa salamu. Na kwa Kifaransa, “merde” ni alama kwamba umesoma.

Hapo ndipo ninapoona jibu la kwetu kwa swali la kwa nini wenye akili wanatukana. Msomi wa hapa anatukana kama watu wengine, ila anatukana kwa lugha ambayo haimchomi yeye mwenyewe. Anapata nafuu ya tusi bila aibu yake. Motari aliyekwama kwenye tope la barabara ya taifa namba 5 wakati wa mvua, mzigo wa ndagala umeanguka na mteja anapiga kelele, anatukana kwa Kiswahili kwa sababu hana lugha ya kujificha. Tunamwita mhuni. Anayesema hayohayo kwa Kifaransa, ofisini, tunamwita mtu aliyechoka na kazi.

Kwa hiyo mhadhiri wa chaki hakuwa mnafiki. Naamini kabisa kwamba “merde” haikumgusa masikio, na “mavi” ingemgusa. Kosa linaanza pale tunapochukua hisia hiyo ya masikio yetu na kuifanya sheria kwa wengine. Tukisema Kifaransa kinaweza kubeba uchafu na kikabaki safi, na Kiswahili hakiwezi, tumesema nini juu ya Kiswahili? Tumesema bado ni lugha ya nje ya ukumbi. Na sisi ndio tunaopewa shahada ya lugha hiyo.

Kiambishi kimoja

Nilipomsimulia shangazi habari ya barua ya kuomba radhi, aliuliza swali moja: “Kwani alimtukana nani?” Nikasema hakumtukana mtu, aliitukana kompyuta. Akacheka, akarudi kwenye mboga zake. Lakini swali lake lilinikalia kichwani, kwa sababu ni swali la sarufi.

Kifaransa kina maneno mawili kwa kitu ambacho sisi tunakiita tusi. Kuna “juron”, neno chafu linalomtoka mtu akijikwaa, na kuna “injure”, neno linalorushwa kwa mtu. Kiswahili hakina majina mawili ya namna hiyo. Yote ni tusi. Kwa sababu hiyo, katika kanuni za shule na katika midomo ya wazazi, aliyejikwaa na aliyemdhalilisha jirani wanaingia kwenye kosa moja.

Hata hivyo Kiswahili hakikushindwa kuona tofauti hiyo. Kimeiweka mahali pengine, ndani ya kitenzi. “Ametukana” na “amemtukana” zinatofautiana kwa kiambishi kimoja tu, kile cha yambwa. Sentensi ya kwanza inasema neno limetoka. Ya pili inasema neno limemfikia mtu. Tukivipima visa vyetu kwa kipimo hicho, mambo yanakaa sawa: mwanafunzi wa kompyuta alitukana. Mhadhiri wa chaki alitukana. Mhadhiri wa karatasi za jaribio alitutukana.

Sheria ya nchi inafikiri hivyohivyo. Kifungu cha 75 cha Sheria ya Jinai ya Kongo kinamwadhibu anayemtukana mtu hadharani, kwa kifungo cha siku 8 mpaka miezi 2, au faini, au vyote viwili. Kosa linataka mtu aliyetukanwa. Kompyuta haiwezi kwenda mahakamani. Tena kifungu hicho hakiulizi tusi limesemwa kwa lugha gani. Mbele ya hakimu, “imbécile” na “mpumbavu” yanapaswa kuwa na uzito uleule. Ni ajabu kwamba kanuni za mahakama zina sarufi nzuri kuliko desturi za ukumbi wetu.

Maneno safi

Kuna jambo zito zaidi, na kwa sababu yake sioni kwamba habari hii ni ya mzaha. Tukiwa tunachunga maneno machafu, maneno mengine yanapita mlangoni yamevaa suti.

Tarehe 30 Juni 1960, mbele ya mfalme Baudouin, Patrice Lumumba alihesabu machungu ya ukoloni. Kati ya kazi ya kulazimishwa na ardhi iliyoporwa, aliweka nafasi moja: Mwafrika kuitwa “tu” badala ya “vous”, si kwa urafiki, bali kwa kuwa “vous” ya heshima iliachiwa Wazungu peke yao. Hakuna kamusi inayoweka “tu” kati ya matusi. Ni kiwakilishi cha nafsi ya pili, tunakifundisha katika somo la kwanza. Lakini kila mzee aliyeitwa hivyo na kijana wa Kizungu alijua amepigwa.

Mwaka 1994, upande wa pili wa Ruzizi, redio ya RTLM iliwaita Watutsi “inyenzi”, yaani mende. Mende naye si tusi. Ni mdudu, mtoto wa shule ya msingi anaweza kumchora. Mmoja wa waanzilishi wa redio hiyo alikuwa Ferdinand Nahimana, mwanahistoria mwenye shahada ya udaktari, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia hatiani pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, na Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura. Katika rufaa ya mwaka 2007 baadhi ya makosa yaliondolewa, na kifungo cha Nahimana kikawa miaka 30. Sina shaka kwamba watu hao walijua kuongea kwa adabu mbele ya wakubwa. Wangefaulu kanuni zetu zote za lugha safi.

Sisi wa Fizi tusijidanganye kwamba hiyo ni habari ya jirani. Kati ya ziwa na milima ya Itombwe tunaishi Wabembe, Wafuliiru, Wavira, Wanyindu, Banyamulenge, na wakimbizi wa Burundi waliopewa kambi Lusenda. Tumezika watu wengi kwa sababu ya nani anaitwa nani. Kila mwenye simu amepokea ujumbe wa sauti unaowaita watu wa kabila fulani kwa jina la mnyama, au unaohesabu nani ni mwenyeji na nani ni mgeni wa milele. Nimesikiliza baadhi yake kwa sikio la mwanafunzi wa lugha. Kiswahili chake ni kizuri. Methali zimewekwa mahali pake, Kifaransa kinaingia na kutoka bila kosa. Hakuna hata neno moja ambalo ningeandikiwa barua kwa kulitamka ukumbini. Aliyetunga ujumbe huo amesoma. Labda amekaa kwenye benchi kama ninalokalia.

Ndiyo maana napata shida tunapotumia nguvu zetu kumwinda mtu aliyesema “mavi” kwa kompyuta. Kipimo kinachoangalia uchafu wa neno kinamkamata huyo na kumwacha yule wa ujumbe wa sauti. Kipimo kinachouliza “amemtukana nani?” kinamkamata yule, na kumwacha huyu aende kutafuta kazi yake iliyopotea.

Na heshima je?

Najua nitakachojibiwa. Baba yangu angejibu hivyohivyo: mtoto wa watu hatoi neno kama hilo mbele ya wazee, hata likiwa halimlengi mtu. Masikio ya mkubwa yana haki yake. Mama aliyeketi na mkwe wake hataki kusikia kitu cha chooni, na kusema “sikukutukana wewe” hakumwondolei aibu.

Nakubali. Kuna matusi yasiyomlenga mtu ambayo bado yanakosea mahali. Lakini kukosea mahali na kumkosea mtu ni makosa mawili, yenye dawa mbili tofauti. Anayekosea mahali anaambiwa “samahani, tuko na wakubwa”, naye anaona haya, yamekwisha. Lugha yetu imejaa njia za kumsaidia: tasfida tunayoifundisha katika semantiki, kwenda haja, kwenda msalani, kujisaidia. Anayemkosea mtu anadaiwa zaidi. Anapaswa kumrudia aliyemkosea na kumwomba radhi uso kwa uso. Sisi tumefanya kinyume: wa mahali ndiye aliyeandika barua.

Hata wale wanaotetea tusi kwa ajili ya nafuu yake wana sababu ya kulibania. Mwaka 2011 Stephens alirudi na majaribio mengine, akaonyesha kwamba wale wanaotukana mara nyingi kila siku walifaidika kidogo na tusi walipotia mkono kwenye maji ya baridi. Waliolitumia kwa nadra ndio lililowasaidia. Kwa hiyo vijana wenzangu wanaoweka “merde” na “zoba” kati ya kila maneno matatu wanatumia akiba yao bure. Siku chumba cha kuzalia, ajali au msiba utakapowafikia, watafungua ghala na kukuta limekwisha. Katazo la wazazi wetu lilikuwa na faida hiyo, hata kama hawakuieleza: lililitunza neno mpaka siku ya haja.

Ninachoomba

Ninaomba mambo matatu, na yote yanawezekana bila bajeti.

Kwanza, kanuni za nidhamu ziandikwe upya kwa sarufi ya swali la shangazi. Mahali panaposema “kutukana”, paseme “kumtukana mtu”. Lile jingine liitwe lugha isiyofaa mahali, na dawa yake iwe onyo la mdomo.

Pili, kipimo kiwe kimoja kwa lugha zote na kwa pande zote mbili za meza. Kama “mpumbavu” haifai kutoka kwa mwanafunzi kwenda kwa mhadhiri, “imbécile” haifai kurudi. Najua wahadhiri wetu wanafanya kazi ngumu, mishahara inachelewa, kumbi zimejaa, na karatasi zetu za jaribio kweli zinaweza kumfanya mtu mzima atukane. Atukane basi. Aseme “merde” mbele ya karatasi hizo, nyumbani kwake au hata mbele yetu, nasi tutaelewa. Ninachoomba ni asituweke kwenye yambwa.

Tatu, tuyasome maneno haya. Katika orodha ya kazi za mwisho ninazoziona, kuna methali, nyimbo za harusi, majina ya watoto na hadithi za sungura. Zote zinafaa. Lakini bado sijaona kazi kuhusu jinsi watu wa Fizi wanavyotukanana, wanavyotaniana, na ni saa ngapi utani unageuka kuwa tusi la kabila. Katika eneo ambalo jina moja linaweza kuhamisha kijiji, hiyo ingekuwa kazi ya manufaa kuliko nyingi. Inaweza kufanywa kwa tasfida na kwa adabu yote. Daktari anasoma kinyesi ili aponye tumbo, hakuna anayemwambia ana tabia mbaya.

Mwenzetu wa kompyuta ameandika upya zile kurasa na atazisoma tena mwezi ujao. Safari hii amezihifadhi sehemu mbili, na tumechanga pesa za mafuta ya jenereta. Nitakaa benchi la mbele. Kama chombo kitazimika tena, najua atasema nini, nami sitamlaumu. Lakini kama siku hiyo mtu atasimama na kutuita kundi la wapumbavu, nitanyoosha mkono na kuomba, kwa Kiswahili na kwa heshima zote, aondoe kile kiambishi.